Jina Krapf: kulabu, andazi, na maelezo yanayoridhika haraka

Bila shaka umeshakutana na maelezo ya majina ya ukoo yaliyopangwa hivi: asili ya jina, historia yake, umaarufu wake. Unasoma aya tatu fupi. Unaambiwa jina linatokana na neno fulani la kale, kwamba lilianza karne fulani, na kwamba leo liko nafasi ya ngapi kwa wingi. Chini yake kuna nembo yenye simba au tai, na ukitaka unaweza kuuziwa ikiwa kwenye fremu. Watu wanayapenda maelezo haya, na hatuwalaumu. Nani asiyependa kuambiwa alikotoka?

Tatizo ni kwamba kila moja ya sehemu hizo tatu ina swali la kisayansi ndani yake, na mara nyingi swali hilo linarukwa. Asili ni swali la isimu. Historia ni swali la nyaraka na sheria. Umaarufu ni swali la takwimu. Na nyuma ya yote kuna swali la nne ambalo ndilo linalomleta msomaji: je, wenye jina hili ni ndugu? Hilo ni swali la vinasaba. Tutachukua jina moja la Kijerumani lisilo la kawaida sana, tulipitishe kwenye maswali yote manne, uone wapi maelezo ya kawaida yanasimama na wapi yanaanguka.

Jina lenyewe ni Krapf. Jaribu kulitamka kwanza, usione haya. Konsonanti mbili mwanzoni, mbili mwishoni, irabu moja katikati inapigania nafasi yake.

Huenda umelisikia shuleni. Johann Ludwig Krapf alizaliwa 1810 Derendingen, kijiji ambacho leo ni sehemu ya mji wa Tübingen, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Alifika pwani yetu 1844, na mwaka huohuo mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki Mombasa. Alikaa Rabai, mwaka 1849 akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, na 1850 akachapisha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtu aliyetumia miaka mingi akiwauliza Waswahili maana ya maneno yao alikuwa na jina ambalo lenyewe lina kesi ya maana. Basi tumuulize na yeye.

Asili: maana ngapi?

Katika Kijerumani cha kale palikuwa na neno *krāpfo*, lenye maana ya kulabu, au ukucha uliopinda kama wa ndege mwindaji. Baadaye, katika Kijerumani cha zama za kati, *krapfe* ikawa na matumizi zaidi: kulabu ya kuning'inizia kitu, chuma kinachoshikilia bawaba ya mlango, na pia kitafunwa cha unga kilichokaangwa kwenye mafuta. Kitafunwa kilipewa jina hilo kwa sababu ya umbo lake la zamani lililopinda. Leo *Krapfen* ni duara, limeumuliwa kwa hamira, limekaangwa, mara nyingi lina jamu ndani. Ukimpa mtu wa Mombasa atasema ni hamri lililokosa iliki. Ukimpa wa Morogoro atasema andazi tu hilo, tena la jana limetiwa jamu.

Sasa, jina la mtu linatoka wapi hapo? Wataalamu wa majina ya Kijerumani huyagawa majina ya ukoo katika makundi matano: yaliyotokana na jina la baba au la babu, yaliyotokana na kazi, yaliyotokana na mahali mtu alikotoka, yaliyotokana na mahali nyumba yake ilipo kijijini, na yaliyotokana na lakabu, yaani jina la utani linalotaja umbo, tabia au tukio. Krapf linaweza kuingia katika makundi mawili. La kwanza ni lakabu: mtu aliyepinda mgongo, au mwenye vidole vilivyokunjika kama kulabu. La pili ni kazi: mtu aliyekaanga na kuuza *Krapfen*. Kuna na mchanganyiko wa yote mawili, yaani lakabu ya mtu aliyependa mno vitafunwa hivyo. Watu wa zamani hawakuwa wapole kwenye kuwabandika wenzao majina, na hilo nadhani hata kwetu unalijua.

Maelezo ya kawaida yanafanya nini hapa? Yanachagua moja. Kwa kawaida yanachagua maandazi, kwa sababu maandazi yanapendeza. Na ukiuliza kwa nini si kulabu, hujibiwi. Hapo ndipo sisi tunapolaumu. Asili mbili zinazowezekana si udhaifu wa maelezo, ndiyo jibu lenyewe. Jina hili halikuzaliwa mara moja. Mtu mmoja katika kijiji kimoja aliitwa Krapf kwa sababu ya mgongo wake, na mwingine katika mji wa mbali, miaka mia baadaye, akaitwa Krapf kwa sababu ya karai lake la mafuta. Hawakujuana. Majina yao yanafanana kama vile watu wawili wanavyoweza kuvaa shati la rangi moja siku moja.

Mbaya zaidi ni pale hadithi inapogeuzwa kichwa chini. Ipo simulizi maarufu ya Vienna inayosema kwamba kitafunwa hicho kilibuniwa mwishoni mwa karne ya 17 na mpishi wa kike aitwaye Cäcilie Krapf, ndiyo maana kikaitwa *Krapfen*. Simulizi tamu, ina mtu, ina mji, ina tarehe. Lakini neno lilikuwapo kwenye maandishi ya Kijerumani mamia ya miaka kabla ya huyo bibi kuwasha jiko. Kama aliishi, basi yeye ndiye aliyepata jina kutoka kwenye neno, na si neno kutoka kwake. Jifunze kanuni moja hapa, itakusaidia hata kwa majina ya miji na mitaa ya kwetu: ukiambiwa neno limetokana na mtu, tafuta kwanza kama neno halikuwapo kabla ya mtu. Mtihani huo hauhitaji shahada.

Kuna ushahidi mwingine ambao maelezo ya kawaida yanaupuuza, na uko wazi mwishoni mwa jina: ile *pf*. Zamani, lahaja za Kijerumani za kusini zilibadilisha sauti *p* kuwa *pf* katika maneno mengi, lakini lahaja za kaskazini hazikubadilisha. Ndiyo maana tunda ambalo Kijerumani sanifu huliita *Apfel*, mtu wa kaskazini aliliita *Appel*. Kwa hiyo jina lenye *pf* linakuonyesha kidole upande wa kusini kabla hujafungua nyaraka yoyote. Na kitafunwa chenyewe kina ramani yake: *Krapfen* ni neno la Bavaria na Austria, huko Hessen utasikia *Kreppel*, sehemu nyingi wanakiita *Berliner*, na Berlin kwenyewe wanakiita *Pfannkuchen*. Jina la ukoo lilizaliwa ndani ya lahaja, halikuzaliwa ndani ya kamusi.

Linganisha na mwenzake Krapf, Johannes Rebmann, yule aliyeandika kuhusu theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 na wasomi wa London wakambeza. *Rebe* ni mzabibu, *Mann* ni mtu. Rebmann ni mkulima wa mizabibu, na alizaliwa Gerlingen, eneo la Württemberg linalolima mizabibu tangu zamani. Neno, kazi na mahali vinakubaliana. Majina mengine ni mepesi hivyo. Kosa ni kuyaandika yote kana kwamba ni mepesi hivyo.

Historia: jina liligandaje?

Neno la pili, "historia", mara nyingi hujazwa na orodha ya watu mashuhuri. Kwa jina letu, mmisionari wa Rabai atatajwa juu kabisa. Lakini hiyo ni historia ya mtu. Historia ya jina inauliza kitu kingine: tangu lini mtoto alilazimika kulibeba jina la baba yake hata kama yeye hakaangi maandazi wala hajapinda mgongo?

Katika nchi za Kijerumani jambo hili lilikwenda polepole sana. Kuanzia karne ya 12 miji ilikua, na karani mwenye orodha ya walipa kodi akakuta kina Johannes ishirini mtaa mmoja. Ikabidi aandike Johannes mhunzi, Johannes mfupi, Johannes wa darajani. Mwanzoni jina hilo la pili lilikufa na mwenyewe. Baadaye likaanza kurithiwa, kwanza mijini na kusini, kisha vijijini, kaskazini mwisho kabisa. Huko Frisia, pwani ya Bahari ya Kaskazini, watu waliendelea kutumia jina la baba: Harm Peters akizaa mtoto aitwaye Jan, mtoto huyo anaitwa Jan Harms. Mpaka watawala wa Napoleon walipoamuru mwaka 1811 kila familia ichague jina moja na kukaa nalo.

Simama hapo kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu hili unalijua kutoka nyumbani. Juma Ali Hamisi akizaa mtoto akamwita Salim, mtoto ni Salim Juma Ali. Jina la tatu ni la babu, na linasogea kila kizazi. Kisha unakuja kwenye fomu ya viza au ya chuo cha Ulaya, inakudai "jina la ukoo", unaandika la babu. Ghafla wewe na baba yako mnaonekana watu wa koo mbili tofauti. Jan Harms angekuelewa vizuri sana. Jina la ukoo lisilobadilika si desturi ya kale ya binadamu wote. Ni kifaa cha orodha, na kilienea pamoja na dola zilizotaka kumhesabu na kumtoza kila mtu.

Hata jina likisharithiwa, tahajia yake haikutulia. Padri aliandika alichosikia. Leo aliandika *Krapf*, kesho *Krapff*, na mwenzake wa parokia ya jirani akaandika anavyojua yeye. Kilichogandisha herufi ni ofisi za usajili wa raia, ambazo sheria ya Dola ya Ujerumani ya 1875 ilizianzisha nchi nzima kuanzia Januari 1876. Tangu hapo kuzaliwa, kuoa na kufa kunaandikwa na serikali, na herufi moja ikiwekwa vibaya inarithiwa kihalali. Kwa hiyo ukikuta familia mbili zenye tahajia tofauti, usikimbilie kusema si ndugu. Na ukikuta tahajia moja, usikimbilie kusema ni ndugu.

Na ile nembo ya simba? Kwa desturi ya Ujerumani nembo ni ya familia fulani mahususi, inarithiwa na wazao wa mtu aliyeipata. Si ya kila mwenye jina hilo. Anayeuza "nembo ya ukoo wa Krapf" anamuuzia mteja nembo ambayo pengine ilikuwa ya Krapf mwingine kabisa. Pesa halali, picha nzuri, madai hayana msingi.

Umaarufu: neno lisilofaa

Wimbo ni maarufu. Jina la mtoto linaweza kuwa maarufu, maana wazazi wanalichagua, na mwaka ujao wanaweza kulichoka. Jina la ukoo halichaguliwi hivyo. Müller ndilo jina linaloongoza Ujerumani, likibebwa na karibu mtu mmoja katika kila mia, lakini hakuna aliyelipenda kuliko mengine. Kila kijiji kilihitaji kinu, kila kinu kilikuwa na mwenye kukiendesha, na jina likazaliwa upya mara maelfu mahali maelfu. Anayesema Müller ni "maarufu" na Krapf "si maarufu" anageuza historia ya uchumi kuwa shindano la urembo. Neno sahihi ni wingi, au marudio.

Kwa upande wa wingi ipo kazi ya kuheshimiwa: atlasi ya majina ya ukoo ya Ujerumani iliyoongozwa na Konrad Kunze na Damaris Nübling, iliyoanza kutoka 2009. Walitumia orodha ya simu za mezani za Deutsche Telekom ya mwaka 2005, wakachora ramani za namna majina yalivyotawanyika. Orodha hiyo ina majina tofauti zaidi ya laki nane. Ukiona ramani hizo, unaona lahaja za karne nyingi zilizopita bado zimelala chini ya orodha ya simu. Watu walihama, vita vikapita, viwanda vikaja, lakini majina mengi bado yamejazana pale yalipozaliwa. Kwa kweli ni moja ya matokeo mazuri sana katika isimu ya kijamii.

Lakini na hapa tuwe wakosoaji. Simu ya mezani inahesabu nyumba, haihesabu watu. Nyumba ya watu sita ni laini moja kwa jina moja. Asiye na simu ya mezani hayumo. Kwa swali la "jina limejazana wapi" kasoro hizi hazidhuru sana, kwa sababu ziko karibu kila mkoa. Kwa swali la "watu wangapi wanaitwa Krapf leo" zinadhuru. Maelezo ya kawaida huchukua hesabu za namna hii, yakazidisha kwa kitu fulani, yakakupa namba kamili hadi mtu wa mwisho, bila kukuambia namba ilipikwaje. Ukipewa namba ya watu isiyo na mwaka wala njia ya kuhesabu, iache mezani.

Kwa nini jina linakuwa adimu?

Hapa ndipo hisabati inapoingia, na ndiyo sehemu ambayo maelezo mengi hayagusi kabisa. Watu hudhani jina adimu lina siri: labda ukoo wa kifalme, labda laana, labda vita. Mara nyingi ni bahati tu.

Mwaka 1873 Francis Galton aliuliza swali hili hadharani. Alitaka kujua kwa nini koo za watu wakubwa zinatoweka. Usisahau kwamba huyu ndiye mwasisi wa wazo la "kuboresha uzao" wa binadamu, wazo lililoleta maafa baadaye, kwa hiyo swali lake halikuwa la kitoto. Mchungaji mwanahisabati, Henry William Watson, alimjibu, na 1874 wakachapisha pamoja.

Fanya mfano mwenyewe. Tuseme jina linapita kwa watoto wa kiume tu. Kila mwanamume ana uwezekano wa robo kukosa mtoto wa kiume, nusu kupata mmoja, robo kupata wawili. Wastani ni mmoja, yaani idadi ya watu haikui wala haipungui. Anza na mtu mmoja mwenye jina lake. Baada ya kizazi kimoja, uwezekano kwamba jina limekufa ni 25%. Baada ya vizazi viwili ni 39%. Baada ya vitano ni 60%. Baada ya vizazi kumi, kama miaka mia tatu hivi, ni 74%. Hakuna vita, hakuna tauni, hakuna laana. Majina matatu kati ya manne yamekwenda kwa sababu tu watu wengine walizaa mabinti, na wengine hawakuzaa.

Sasa badilisha kidogo. Uwezekano wa kukosa uwe 20%, wa mmoja 40%, wa wawili 40%. Wastani ni 1.2, koo zinakua. Uwezekano wa jina kufa hatimaye, tuuite q, lazima utimize mlinganyo q = 0.2 + 0.4q + 0.4q². Ukiutatua unapata majibu mawili: 1 na 0.5. Jibu sahihi ni lile dogo, nusu. Watson, kwa njia yake, aliliona lile la 1 akaliacha dogo, akahitimisha kwamba majina yote yatakufa hata watu wakiongezeka. Mfaransa Irénée-Jules Bienaymé alikuwa ameshaiona hali sahihi mwaka 1845, lakini kazi yake haikusikika. Jambo hili likaja kunyooshwa kabisa karne ya 20. Leo hisabati hiyohiyo inatumika kueleza kuenea kwa magonjwa ya kuambukiza, na mnyororo wa atomi zinazopasuka ndani ya kinu cha nyuklia. Swali la majina lilizaa kitu kikubwa kuliko majina.

Kwa hiyo Krapf kuwa adimu hakuhitaji maelezo ya ajabu. Lilizaliwa sehemu chache, likapita kwenye chekecheke la bahati kizazi baada ya kizazi, likabaki. Majina mengi yaliyozaliwa nalo siku ileile hayapo tena. Kama kuna jambo la kustaajabu, ni kwamba lipo.

Mfano huu nao una kasoro, na ni haki kuisema. Unadhani jina linapita kwa mwanamume tu. Sheria ya Ujerumani ilishaacha hilo: tangu 1976 wanandoa wanaweza kuchukua jina la mke kuwa la familia, tangu 1994 kila mmoja anaweza kubaki na lake, na tangu Mei 2025 wanaweza hata kubeba yote mawili kwa pamoja. Jina adimu leo lina njia ya kuokoka ambayo Watson hakuiwazia: binti anaweza kulibeba na kulirithisha. Hata wanaotaka kuliokoa kwa makusudi wanaweza.

Je, ni ndugu?

Tumefika kwenye swali lililokuleta. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, njia ileile ya jina la ukoo la kizamani. Basi ukiwapima wanaume wenye jina moja unaweza kuuliza kama wana babu mmoja. Mwaka 2000 mwanajenetiki Bryan Sykes aliwapima wanaume wa Uingereza wenye jina lake mwenyewe, Sykes. Karibu nusu yao walikuwa na aina moja ya kromosomu Y, jambo lililoashiria mwanzilishi mmoja. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester waliwapima wanaume zaidi ya 1,600 wenye majina 40 ya Kiingereza. Walichokuta kina mantiki safi: jina likiwa adimu, wenye jina hilo hukaribiana sana kwa babu, jina likiwa kubwa kama Smith, hawakaribiani kuliko watu wowote uliowaokota njiani.

Hapo msomaji wa haraka atasema: basi wenye jina Krapf ni ndugu, maana ni adimu. Polepole. Uadimu wa leo haukuambii jina lilizaliwa mara ngapi. Krapf lina mizizi miwili ya maana, linatokana na neno la kila siku, na neno hilo lilitumika eneo pana la kusini. Lingeweza kuzaliwa mara nyingi, kisha mistari mingi ikafa. Na ndani ya mstari mmoja kuna mambo ya nyumbani: mtoto wa kulea, mume aliyeingia kwenye jina la shamba la mke, mtoto wa nje. Tuseme ni mara mbili tu katika kila mia kwa kila kizazi. Baada ya vizazi ishirini, theluthi moja ya mistari haifuati tena kromosomu ya mwanzilishi. Bado ni ukoo halali, wamelelewa humo, wamerithi humo. Ila damu na jina vimeachana njia.

Hukumu yetu

Tukiyapima, maelezo ya kawaida yana faida moja: yanaamsha hamu. Yanaharibu pale yanapofunga swali lililo wazi. Yanamwambia msomaji "jina lako linamaanisha hivi" badala ya "neno lililozaa jina lako lilimaanisha hivi au vile, na haya ndiyo yatakayotusaidia kuamua". Tofauti ya sentensi hizo mbili ni ndogo kwa herufi, lakini ya kwanza inakupa utambulisho wa kununua, ya pili inakupa kazi ya kufanya.

Na kazi yenyewe si ngumu kuianza. Ukipewa asili ya jina, uliza neno lilionekana lini kwenye maandishi na kwa lahaja gani. Ukipewa historia, uliza ni ya jina au ya mtu mmoja aliyelibeba. Ukipewa umaarufu, uliza nani kahesabu, mwaka gani, alihesabu watu au nyumba. Ukiambiwa ninyi ni ndugu, uliza jina lilizaliwa mara ngapi. Maswali haya yanafanya kazi Tübingen, yanafanya kazi Tanga, hata kwa majina ya koo za kwetu ambayo nayo yameanza kuuziwa watu maana zake moja moja.

Krapf mwenyewe, kwenye kamusi yake, alijaza maneno maana nyingi, mara nyingine akiweka na alama ya kuuliza pale alipokuwa na shaka. Jina lake linastahili uangalifu uleule: kulabu, au andazi, au vyote viwili katika nyumba mbalimbali.